Miaka ya Abdurahman

Gazi,
9 Februari 1964

Kwa kaka yangu Chome,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mackinnon Road, wewe na shemeji Dama na watoto. Hapa kwetu hatujambo. Mama ana kikohozi, lakini ulimi wake haujaumwa. Jana alimrudisha muuza samaki akimwambia kwamba changu wake wana umri mkubwa kuliko yeye. Mke wangu Mishi akusalimu sana. Yule mbuzi uliyetuachia amezaa wawili, na mwenye doa usoni Mama amesema ni wako, asichinjwe mpaka urudi.

Ulitaka nikueleze kustaafu kulivyo, basi nakueleza. Saa kumi na moja alfajiri macho hufunguka yenyewe yakingoja filimbi ya gengi la reli. Filimbi hailii. Nasali, nanywa chai, kisha sijui mikono niiweke wapi. Wiki ya kwanza niliunyoosha ua wetu wote kwa kamba, fito kwa fito. Wiki ya pili nikaunyoosha wa jirani yetu Rai, naye hakuniomba. Mishi ameificha nyundo yangu, asema nikiachiwa nitainyoosha hata minazi.

Hayo ni ya kuchekwa. Yasiyochekesha yako kwenye baraza ya msikiti. Wazee hunisogezea mkeka: "Karibu mzee mwenzetu, umeshamaliza kazi." Wanadhani reli humrudisha mtu nyumbani kwa kuhesabu miaka aliyotumika. Nami hukaa katikati ya watu waliokuwa na ndevu wakati nikikimbia uchi, na mbele yetu hupita Kenga, niliyetahiriwa naye siku moja, boriti za mikoko ziko begani na jasho limemfika kiunoni. Husema, "Shikamoo, mzee," kwa mzaha, akacheka. Nami hucheka, kisha chakula cha jioni hakishuki.

Mambo haya wayajua, kaka, lakini nayaandika kwa kuwa hapa sina wa kumwambia. Hata Mishi hajui. Mwaka wa 1934 msimamizi wa reli alipita Gazi akaandika majina mawili, lako na la kaka yangu marehemu Abdurahman. Yeye alitaja umri wake, ishirini na mitano. Wewe hukuulizwa. Kabla ya siku ya kwenda Mombasa, homa ikamchukua Abdurahman. Mimi nilifuatana nawe kwenda kusema tu kwamba amefariki. Karani akaita, "Abdurahman Mwinga," nami nikaitika labeka. Sijui ni shetani gani aliyenipitia. Nilikuwa na miaka kumi na saba na kimo cha mtu mzima, na karani hakuinua uso. Alipofika kwako ndipo akauinua, akaona kidevu kisicho na unywele hata mmoja, akakuandikia kumi na saba bila kukuuliza. Tulicheka njia nzima.

Basi leo karatasi zasema mimi nina hamsini na mitano, nimestaafu kwa heshima. Wewe zasema una arobaini na saba, utanyanyua mataruma ya kulazia reli miaka minane zaidi. Na kweli yenyewe ni kwamba wewe ndiye mwenye hamsini na minne, na mwenye arobaini na saba ni mimi, uliyenibeba mgongoni. Nikilala mchana hujiona nimelala kitandani kwako, na shuka ni ya marehemu.

Niambie gengi liko vipi. Mwero, niliyemwachia unyapara, apiga filimbi kwa wakati?

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana


Mackinnon Road,
3 Machi 1964

Kibwana,

Marahaba. Barua imefika, sote wazima. Dama asema huyo mbuzi mwenye doa asiandikwe jina langu peke yangu, yeye naye ana meno. Mvua hakuna. Maji twaletewa na gari la moshi mara mbili kwa wiki, na Waduruma huja na ng'ombe wao kungojea yanayomwagika. Mwero hupiga filimbi kabla ya wakati, ili aonekane.

Usijitie unyonge. Aliyestaafu amestaafu. Ukiona haya kulala, amka, lakini ua wa Rai uache.

Sasa lililo kubwa. Tumepata afisa mpya, kijana Mwafrika, ana kalamu mbili mfukoni na zote zaandika. Alitukusanya akasema kwamba makarani wa zamani waliandika umri wa watu kwa kukisia, na kwa kuwa nchi sasa ni yetu, kila mtu ataandikwa umri wake wa kweli. Anayetaka kusahihishiwa na alete shahidi mmoja wa ukoo, mkubwa wake, aape mbele ya Kadhi au padre, na hati ifike ofisini kabla ya Septemba kwisha. Oktoba daktari atatupima sote. Atakayeshindwa kunyanyua ataachishwa. Mwenye umri ataondoka na malipo yake ya uzeeni. Asiye na umri ataondoka na kofia yake.

Siku hizi, Kibwana, taruma la chuma nalinyanyua kwa hila. Hukaa upande mmoja na Tembo, yule kijana mwenye mabega. Yeye hunyanyua, mimi huandama.

Shahidi ni wewe. Kwa karatasi wewe ni mkubwa wangu. Nenda kwa Kadhi, Kwale, na jina lako la reli, useme Chome amezaliwa mwaka mmoja nyuma yangu. Kwa Abdurahman hiyo ni kweli tupu, alinizidi mwaka mmoja. Hapana atakayedhurika. Njia si ndefu, utarudi kabla ya magharibi.

Nakungoja.
Chome


Gazi,
26 Aprili 1964

Kwa kaka yangu,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kukawia. Masika yameingia kwa hasira. Mto Mkurumudzi ulipanda juu ya daraja siku tisa, na posta ya Msambweni haikufikika. Paa la upande wa Mama limevuja, nimeliezeka upya kwa makuti. Fungo amekula kuku watatu. Mihogo imeshika vizuri, alhamdulillahi.

Shule inajengwa hapa kwa harambee. Juzi tuliitwa wote. Vijana walibeba mawe, wazee wakaombwa waketi waombe dua. Nikainuka nikashika jiwe, vijana wawili wakaja mbio wakanipokonya: "Mzee, usijiumize." Kenga alikuwa amebeba jiwe kubwa kuliko langu. Hakuna aliyempokonya. Niliketi, nikainua mikono kwa dua, na sikumbuki niliomba nini.

Ijumaa iliyopita niliwasomea hitima marehemu wetu wote. Watu walikuja, wali ukatosha. Abdurahman nilimtaja wa kwanza. Nilidhani moyo utatulia, na kweli ulitulia, mpaka Jumamosi asubuhi.

Habari ya Kwale nimeisoma. Goti langu la kushoto limevimba kidogo kwa huu unyevu. Likinywea nitaangalia.

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana


Mackinnon Road,
21 Mei 1964

Kibwana,

Marahaba. Sote wazima, ila mtoto wa mwisho alishikwa na tetekuwanga. Amepona, amebaki kujikuna.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ina mto, paa, fungo, mihogo na mawe ya shule. Goti limepata mstari mzima. Mimi nimepata nusu mstari.

Wiki iliyopita tulikuwa tukibadilisha chuma. Mtaimbo uliniponyoka mara mbili mbele ya watu. Mwero aliona, akajidai anaifuta filimbi yake. Mwero huyu huyu tuliyemfundisha kushika koleo. Mtu kama huyo akianza kukuonea haya, ujue huna muda.

Sikusukumi. Nauliza tu: una neno gani moyoni ambalo huliandiki?

Chome


Gazi,
12 Julai 1964

Kwa kaka yangu,

Shikamoo. Mpe pole mtoto. Mama asema apakwe unga wa mtama, aache kujikuna. Mishi amekuwa akisuka mikeka, huiuza Diani kwenye nyumba za Wazungu za ufukweni. Mimi ndiye mkata miyaa wake. Asema angalau sasa mikono yangu yamfaa mtu.

Neno lipo, na goti halina ubaya wowote.

Mwezi uliopita nilivaa kanzu, nikapanda basi la asubuhi, nikafika Kwale. Mlango wa Kadhi ulikuwa wazi na watu wawili walikuwa mbele yangu. Wa kwanza alipoingia nilimsikia akiambiwa aweke mkono juu ya msahafu, ataje jina lake na la baba yake. Hilo nilikuwa sijalifikiria. Miaka thelathini nimeitika jina la marehemu, lakini kuitika si kuapa. Nikiapa kwamba mimi ni Abdurahman, nimesema uongo na mkono uko juu ya maneno ya Mungu. Nikiapa kwamba mimi ni Kibwana, malipo yangu yamekwenda, na huenda nami nikaenda, jela. Wa pili alipoitwa niliondoka. Nikanunua machungwa sokoni, na Mishi nikamwambia kwamba nilikwenda Kwale kununua machungwa.

Wala si Mungu peke yake niliyemwogopa. Niliogopa umaskini, na niliogopa baraza. Watu walionisogezea mkeka wataniambia niondoke juu yake.

Na kuna jingine. Malipo yangu huletwa na tarishi kutoka Msambweni. Mwanzoni nilikuwa nikimwahi njiani. Mwezi huu nilikuwa shambani, akafika mpaka mlangoni, akaita kwa sauti: "Hodi! Abdurahman Mwinga yupo?" Mama alikuwa amelala. Mishi anieleza kwamba Mama alitoka bila ushungi na bila fimbo, yeye asiyetembea bila fimbo, akamuuliza tarishi, "Umemwona wapi?" Nilipofika nilimkuta amekaa kizingitini. Nikamwambia mtu yule amekosea nyumba. Mama akaitazama njia. Tangu siku hiyo, akisikia hodi, hutoka yeye kwanza.

Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. La Abdurahman lipo, nalila mimi. Kaka, nipe muda kidogo.

Kibwana


Mackinnon Road,
16 Agosti 1964

Kwa kaka yangu Abdurahman Mwinga,

Shikamoo.

Natumai u mzima pamoja na jamaa wote. Mimi mdogo wako sijambo isipokuwa mguu. Jumatano taruma lilituponyoka, mimi na Tembo, likaniangukia vidole viwili. Tembo hana kosa, mimi ndiye niliyetangulia kuachia. Dama ameufunga, nasimama.

Usishangae salamu. Afisa amesema asiyekuwa na shahidi alete hata barua za nyumbani, zionyeshe nani humwamkia nani, kwa kuwa mtu hamwamkii mdogo wake. Ni mwerevu, yule kijana. Nikazitoa zako tatu nikazitazama. Kila moja yaanza kwa kuniamkia mimi, nawe kwa karatasi ni mkubwa wangu. Zingenifaa mimi, na zingekuangusha wewe. Nimempa Dama amezishonea ndani ya mto. Tangu leo mimi ndiye nitakayekuamkia, na mwanzo wa barua hii ukate uuweke, ikija siku ya kuulizwa uwe na cha kuonyesha. Afisa nimemwambia kwamba sina ndugu akumbukaye kuzaliwa kwangu.

Usirudi Kwale. Nilikosea kukuomba kiapo cha namna ile. Nilitazama mgongo wangu, sikutazama mkono wako.

Na la mwisho, kisha tusilitaje tena. Siku ile Mombasa hukupitiwa na shetani. Ulipitiwa na kiwiko changu. Karani alipoita jina nilikusukuma ubavuni, nikakuambia, "Itika." Niliogopa kwenda bara peke yangu. Miaka yote hii umelibeba jambo kama la peke yako, nami nilinyamaza, kwa kuwa ulikuwa hunitaji. Basi ukilala mchana, lala. Nusu ya shuka hiyo niliivuta mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Chome Dzombo


Gazi,
13 Septemba 1964

Kwa kaka yangu Chome,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ile uliyonipa isiyokuwa yangu. Barua yako sikuiweka kama ulivyoagiza, na nitakueleza kwa nini.

Wajua Mama hutaka asomewe barua zako zote, nami huyaruka ya siri yetu. Ilipokuja hii alikuwa amekaa akichambua mchele, Mishi yuko karibu naye. Nikaifungua nikaanza kusoma kama kawaida, na kabla sijajua nimelitamka jina. Mama aliweka ungo chini. "Soma mwanzo tena," akasema. Nikasoma. "Chome amwamkia nani?"

Nilimwambia yote. Ile orodha, karani, labeka, tarishi. Kiwiko sikukitaja, lakini akachukua barua akampa Mishi amalizie kusoma, naye Mishi, wajua mkeo wa utani, haruki mstari. Nilidhani Mama atalia au atanilaani. Kuku walianza kuula mchele, hakuwafukuza. Kisha akasema, "Mwanangu nilimzika, nikamwombea apumzike. Nanyi mlimwamsha mkamtia kazini miaka thelathini." Kaka, kwa maisha yangu yote sijapata kusikia neno lililonichoma hivyo. Nililia mbele ya mama yangu na mke wangu, mzee mzima wa reli.

Akangoja nimalize. Akasema, "Kesho nipeleke Kwale. Ulizaliwa na nani, na karani au na mimi?"

Tulikwenda watatu. Mama alikataa kungoja nje. Kadhi aliponiuliza jina nikaweka mkono nikasema, "Kibwana bin Mwinga." Sauti ilitoka ndogo. Kadhi akaangalia karatasi yangu ya kustaafu ya ofisi yenu, akaniangalia mimi: "Hapa imeandikwa Abdurahman." Nikamwambia Abdurahman yuko makaburini Gazi tangu mwaka wa 1934. Akasema, "Wajua kwamba haya yataandikwa na yatapelekwa?" Nikamwambia ayaandike.

Kisha nikatoa ushahidi wako. Nikasema Chome Dzombo ni mtoto wa ami yangu, alinibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea, na alipotahiriwa mimi nilikuwa nikinyonya. Mama akaongeza kwamba wewe ulizaliwa mwaka mmoja nyuma ya Abdurahman, na mimi nilizaliwa katika vita vya Wajerumani, mwaka ambao wanaume walikamatwa kwenda kubeba mizigo, hata hakukuwa na wa kuniadhinia sikioni ila babu. Kadhi aliandika yote. Alipomaliza alimuuliza Mama kama ana la kuongeza. Akasema, "Hawa wote wawili ni wajinga, lakini si wezi." Hilo sikuona kama aliliandika.

Hati imetumwa. Mwambie Dama afumue mto, azitoe barua zangu, uzipeleke zote ofisini. Jumapili nilikwenda barazani nikawaeleza wazee mwenyewe, kabla ya wengine kunitangulia. Hakuna aliyeniondoa mkekani. Niliinuka mwenyewe, nikaenda kumsaidia Kenga kushusha boriti.

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana


Mackinnon Road,
17 Januari 1965

Kwa kaka yangu Chome,

Shikamoo. Natumai kustaafu kwakukubali na mguu umepona. Shemeji Dama amesahau sufuria moja hapa, naitumia, asiidai. Maji bado ni yale ya gari la moshi. Ng'ombe wa Waduruma wamekonda, lakini wingu limeonekana upande wa Taru.

Tulipishana kwenye kivuko cha Likoni bila kuongea vya kutosha, wewe washuka na magodoro, mimi napanda na sanduku, kwa hiyo nakupa sasa habari ya afisa. Alinisimamisha mbele ya meza, akasoma hati ya Kadhi mara mbili, akafunga kalamu. "Basi wewe hukustaafu," akasema. "Ulikuwa likizoni." Nikasema ndiyo, bwana. Akasema malipo yamekatwa, unyapara umekwisha, naanza chini kama kibarua wa kawaida, na nikiitika tena jina lisilo langu nitaitikia polisi. Kisha akaniuliza kama bado naweza kujua msumari uliolegea kwa mlio wa nyundo. Nikasema naweza. Akasema vijana wengi hawawezi, niripoti Jumatatu.

Nilikuwa na hofu ya kuwa chini ya Mwero. Asubuhi ya kwanza alisimama na daftari akaita majina. Akaita, "Kibwana Mwinga." Akaita mara ya pili. Watu wakaanza kutazamana, nami nikatazamana nao, nikimngoja huyo mtu ajitokeze. Tembo akanisukuma ubavuni kwa kiwiko. "Itika, mzee."

Nikaitika labeka. Nilicheka peke yangu mpaka Mwero akaniuliza kama ni mgonjwa.

Kazi ni nzito. Mikono imetoka malengelenge kama ya kijana mpya. Sina cheo, na miaka yangu minane ndiyo kwanza inaanza. Lakini nalala usiku, na nakula nikashiba. Mchana sina nafasi ya kulala.

Msalimie Mama. Mwambie nimeitwa kwa jina alilonipa.

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana


Gazi,
7 Februari 1965

Kibwana,

Marahaba.

Sote wazima. Mbuzi mwenye doa tulimchinja siku ya pili ya kufika kwetu, Dama alikula ubavu mzima. Mishi akusalimu, asema miyaa sasa humkatia mimi, lakini wewe ulikuwa na mkono mwepesi. Atakuja huko mwezi ujao.

Kustaafu hakuna mashaka kwangu. Saa kumi na moja macho hufunguka, nikayafunga. Mgongo umeniruhusu. Mchana hulala kivulini, na shuka ni yangu. Mara moja moja hukufikiria juani na lile taruma, nikaona haya kidogo. Kisha hukumbuka kwamba wewe ni kijana. Ua wa Rai umeanza kulala upande mmoja, nimeuacha.

Alhamisi tarishi alikuja. Mama alisikia hodi akatangulia, nikamfuata na fimbo yake. Tarishi akaita, "Chome Dzombo yupo?" Nikasema nipo. Mama akangoja. Tarishi akapekua mkoba, akaufunga. "Hakuna jina jingine?" Mama akamuuliza. Akasema hakuna, bibi.

Mama alimtazama tarishi mpaka akatoweka njiani. Akanishika mkono, tukarudi ndani polepole, akaketi mahali pake. "Sasa Abdurahman amestaafu," akasema, na akaomba chai.

Kaka yako,
Chome